Kukausha Gari la Daktari Kule Mgeta

Nyinyi mnaoshika bomba la presha siku hizi hamna subira na wazee, kwa hiyo sitaanza na mahali nilipozaliwa. Nitaanza na maji. Kuosha gari kila mtu anaweza, hata mvua inaosha. Kazi ni kukausha. Na kukausha kwenye jua la Morogoro mjini bado si kazi ya kujisifia, maana jua linakusaidia hata pale linapokuharibia. Kazi yenyewe ni kukausha kwenye baridi, gari jeusi la spoti, milango miwili, lililokaa chini mpaka unalipigia magoti kama uko kanisani.

Mimi ni Mama Sabina. Nilifuta magari Kihonda, kwenye kiwanja cha kuoshea kilichokuwa jirani na viwanda vidogo, mpaka mgongo ulipokataa. Wanaume waliosha, mimi nikafuta. Mwanzoni walinipa kufuta kwa sababu waliona ni kazi ya kupumzikia. Baadaye wateja wakawa wanauliza kama mama wa vitambaa yupo, na kama hayupo wanasema watapita kesho. Wenzangu hawakulifurahia jambo hilo, ila walizoea.

Aliyenifundisha ni Mzee Shomari, ambaye ujana wake aliumalizia kuosha mabehewa ya treni. Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vitambaa. "Kitambaa hakisukumwi," alikuwa akiniambia, "kinalazwa, kinakunywa, kinanyanyuliwa." Ukikisukuma, unasukuma na mchanga, na rangi inachorwa miduara ambayo huioni leo bali utaionyeshwa kesho na mwenye gari. Siku hizi mna taulo za manyoya mafupi, na sizikatai, ni nzuri. Sisi tulitumia kanga. Kanga mpya haifai, inateleza juu ya maji kama mtu anayekwepa salamu. Inayofaa ni ile iliyofuliwa mpaka maandishi yake hayasomeki. Mzee Shomari alizikusanya kwa kinamama wa mtaani, mpaka siku mume mmoja alipoikuta kanga ya mkewe imelazwa juu ya boneti ya gari la mwanaume mwingine. Ilibidi mzee aende mwenyewe mpaka nyumbani kwao kueleza, na kanga akairudisha. Tangu hapo alichukua zilizochanika tu.

Baridi nayo ina makosa yake. Tulikuwa na mwenzetu tukimwita Chogo, mtu wa pwani, ambaye kila ikifika Juni alivaa makoti mawili na kulalamika mpaka Septemba. Asubuhi moja aliona maji ya bomba yanamuuma vidole, akachemsha birika na kulimwaga lote kwenye kioo cha mbele. Kioo kililia mara moja tu, kikachora mstari kutoka kona hadi kona. Chogo akasimama na birika lake, akasema, "Kilikuwa na ufa tangu mwanzo." Kwa hiyo shikeni hili: kwenye baridi maji ya sabuni yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, na kioo kisikutane na maji ya moto. Kinyume chake pia ni kweli. Gari likitoka kupanda mlima, usilimwagie maji ya baridi boneti ikiwa bado ya moto. Weka kiganja chako juu yake. Kikikaa bila kuondoka, anza kazi.

Nilitaka kuwaambia habari ya gari moja tu, hayo mengine yamejitokeza yenyewe.

Lilikuwa la daktari wa mifugo, kijana wa Bukoba aliyekuja mjini kwetu kusoma akabaki kufanya kazi. Jina lake Deo. Gari alilinunua likiwa bovu, akalitengeneza kidogo kidogo, na lilipoanza kutembea akawa hamruhusu mtu mwingine kulifuta isipokuwa mimi. Alikuwa akisimama pembeni ananiangalia mikono. Wateja wa namna hiyo wanachosha, lakini wanakufanya uwe hodari, sitaki kusema uongo.

Deo alimpenda binti wa Mgeta, Agripina, mwalimu wa sekondari. Harusi ikapangwa Julai, huko huko juu milimani kwa kina binti. Kwa asiyejua, Julai ya Mgeta si baridi ya mjini. Ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi, na nguo uliyoanika Jumatatu unaivaa Alhamisi ikiwa bado inakunung'unikia mwilini. Deo alitaka kumchukua bibi harusi nyumbani kwao kwa gari lile, na alijua kuwa njia ya kupanda kule italichafua hadi paani. Akaniomba nipande naye, nilioshe huko huko asubuhi ya harusi.

"Shikamoo, mama. Najua ni mbali," alisema.

"Marahaba. Si mbali, baba. Ni kwetu."

Hakujua kuwa mimi ni wa Mgeta. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuona sababu ya kumtangazia mteja kijiji changu.

Tulipanda siku moja kabla. Gari lile halikuumbwa kwa milima ya Uluguru. Kila penye korongo tulishuka, tukapanga mawe, Deo akapita polepole huku akisikiliza chini ya gari kama anayempima ng'ombe mwenye mimba. Tulifika jioni kwa mdogo wangu, Paskalina, ambaye nyumba yake iko mteremko mmoja tu chini ya nyumba ya kina Agripina. Gari lilikuwa limegeuka rangi ya udongo. Deo akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya parokia, akaniachia gari na funguo.

Paskalina alilitazama, akanitazama na ndoo zangu mbili, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa.

"Dada, umekuja kuosha gari la kumchukulia binti wa watani zako?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ukoo wetu na ukoo wa mama yake Agripina ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu, siku ya kumtoa binti, watani wa ukoo wake hulizuia gari la bwana harusi na kulipaka tope. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na anayeanza kupaka ni mwanamke mkubwa kuliko wote wa upande wa watani aliyehudhuria.

"Shangazi Felista si yupo?" niliuliza.

"Miguu imemshinda, hatoki. Mkubwa ni wewe."

Basi. Nimekaa mjini miaka yangu yote nikijiona mtu wa vitambaa, kumbe mlimani cheo changu ni cha tope.

Kabla giza halijaingia, Agripina mwenyewe aliteremka kwetu, amejifunika kitenge kichwani ili asionekane. Bibi harusi haruhusiwi kuzurura, lakini huyu alikuwa na shida. Alinisalimia kwa magoti, akakaa karibu na jiko.

"Mama Sabina, nimesikia kesho ni wewe. Naomba umwambie Deo. Mwambie tu ajue, ajiandae."

"Utani ukitangazwa si utani tena, mwanangu."

"Najua. Lakini mjomba anamwangalia."

Akanieleza. Siku Deo alipokuja na wazee wake kutoa posa, watoto wa jirani walichora kwa vidole kwenye vumbi la gari lake, naye akawafokea mbele ya watu. Mjomba wake Agripina, Mzee Valeriani, mkulima wa kabichi na njegere asiyeongea sana, aliyaona hayo yote. Kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye binti. Baba atafurahi, mama atalia, lakini mkono wa binti unatolewa na mjomba, na asipoutoa hakuna anayekwenda kanisani. Jioni ya siku ile ya posa alimwambia dada yake neno moja ambalo Agripina hakulisahau: "Kijana ni mzuri, ila sijamwona akichafuka."

"Nilimwambia mjomba, Deo ni daktari wa ng'ombe, anachafuka kila siku," Agripina alisema. "Akanijibu, kwa ng'ombe anachafuka kwa kazi, kwa watu sijamwona. Mama, Deo akikasirika kesho kwa ajili ya gari, mjomba hatanitoa. Namjua. Atakaa chini atanyamaza, basi."

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Lakini sikumuahidi kitu. Nikimwambia Deo, atacheka cheko la kujifunza, na Mzee Valeriani atakuwa amedanganywa siku ya kumtoa mpwa wake. Nikimwacha, huenda binti akaachwa mlangoni na gauni lake. Nilimrudisha kwao, nikaenda kuloweka kanga za kuoshea.

Sasa sikilizeni kazi. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa uwanjani. Vitambaa vyangu vikavu nilikuwa nimevilaza chini ya godoro, kwa sababu kwenye baridi kitambaa ulichokiacha mezani usiku kinaamka na unyevu wake, na hapo unakausha maji kwa maji. Vingine Paskalina alivitandaza karibu na jiko, navyo vikawa vinapokezana kama wachezaji wa akiba. Nilianza na magurudumu, ndoo yake peke yake, maana uchafu wa breki ukiingia kwenye ndoo ya mwili wa gari umeumia. Kisha paa, kushuka. Maji ya bomba la mlimani yanauma hadi kwenye kiwiko, kwa hiyo nikawa naoga mikono kwenye ndoo ya vuguvugu kila baada ya upande.

Deo alifika akiwa bado na sweta, suti ameiacha kwa mpambe wake. Alisalimia, akasimama pembeni kama kawaida yake. Nikamwambia, "Leo usiniangalie. Shika kitambaa." Nadhani alikuwa anatafuta kitu cha kufanya na mikono, maana alikishika upesi.

Nilimfundisha yote. Kitambaa cha kwanza kinakunywa, cha pili kinaondoa alama. Kwenye baridi tone halikauki lenyewe, linajificha. Linakaa ndani ya vioo vya pembeni, chini ya nembo, kwenye spoila, lile bawa la nyuma, na gari likiondoka tu linatoka na kuchora machozi kwenye mlango uliokwisha kuufuta. Ndiyo maana unafungua milango, buti na kifuniko cha mafuta, unapitisha kitambaa kwenye vizingiti, kisha unalisogeza gari mbele na nyuma na kukanyaga breki taratibu mara kadhaa. Maji yaliyojificha yanashuka, na breki zinakauka. Na breki ya mkono usiivute gari likiwa na maji ukaliacha lilale, breki zitagandana. Weka gia, weka jiwe.

"Na tope likirudi?" Deo aliuliza. Alikuwa akitazama njia ya kupanda kwa kina Agripina, imelowa.

Sikumtazama usoni. "Tope halifutwi, Dokta. Ukilifuta limekauka, umelikwangua gari kwa mchanga. Tope unaliacha, unalimwagia maji mengi, linajiondokea lenyewe. Linalochuna rangi ni hasira ya mtu anayesugua."

Akaitikia kwa kichwa. Sikumwambia jambo lolote zaidi ya kazi yangu. Nililaza kitambaa cha mwisho, nikapitisha kiganja, hakikupata unyevu. Ukungu ulikuwa unainuka na gari lile lilikaa jeusi, kavu, mnaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Sijawahi kukausha gari vizuri namna ile, na nilijua lina saa yake.

Msafara ulipofika kwa kina Agripina, watani walikuwa wamejipanga njiani, wanawake kwa wanaume, wakiimba na kutukana matusi ya heshima, yale ambayo siku nyingine yangekupeleka baraza la wazee. Gari likasimama. Deo akashuka na suti yake ya kijivu. Mlangoni alisimama Mzee Valeriani kwa koti zito, na nyuma yake Agripina na gauni jeupe na glavu nyeupe. Uso wake haukuwa wa harusi.

Nikaitwa kwa jina. Nilitoka nyuma ya watu nikiwa nimevaa kitenge kipya, na Paskalina akanikabidhi beseni la tope la shambani, zito, lenye maji. Deo aliponiona na lile beseni, mdomo wake ulifunguka kidogo.

Nikainama juu ya beseni nikaanza kutoa changarawe kwa vidole. Siwezi kuweka changarawe kwenye rangi ya gari, hata niwe mtani wa nani. Nilizichambua moja moja kama mchele wa wageni.

"Paka, mama! Unapika?" watani walipiga kelele.

"Subirini, ndiyo kazi yangu," nikawajibu.

Kisha nikapaka. Sikurusha. Nililaza tope kwenye boneti kwa kiganja, nikalitandaza mpaka kwenye taa, nikapanda kwenye kioo. Lilikuwa la baridi kama barafu. Wimbo ulikuwa umepanda, lakini niliposimama wima ukakatika, kwa kuwa Deo hakuwa anacheka. Mpambe wake, kijana wa mjini asiyejua mambo ya kwetu, akachomoa kitambaa mfukoni na kukimbilia boneti.

"Usisugue!" Deo alifoka. "Acha hapo!"

Sauti yake ilikuwa ya ukali kweli. Nikamwona Agripina akifumba macho. Mzee Valeriani alishika fremu ya mlango na kuanza kugeuka aingie ndani.

Deo akatembea mpaka kwenye gari. Alilizunguka lote, polepole, kama alivyokuwa akilizunguka kule Kihonda kila nikimaliza kazi. Akafika nyuma, akainama, akaangalia bawa. Kisha akarudi mbele yangu.

"Mama Sabina," alisema, "huku nyuma umesahau."

Akaninyang'anya beseni. Akapandisha mkono wa suti mara moja, ukateremka, akauacha. Akachota tope kwa mikono miwili na kulipaka bawa la nyuma, na mapengo yote aliyojua mimi huyafuta, vioo vya pembeni, kifuniko cha mafuta, kila mahali tone linapojificha. Watani walilipuka. Paskalina alikaa chini barabarani kwa kucheka. Deo alipomaliza alikuwa na tope hadi kwenye tai, na ndipo akacheka mwenyewe, cheko la mtu aliyechoka kushikilia kitu.

Mzee Valeriani alishuka ngazi. Aliingiza kiganja chake ndani ya beseni, kiganja kikubwa cha jembe, akakibandika kwenye mlango wa abiria, akakiondoa. Alama ilibaki pale na vidole vyote vitano.

"Sasa nimemwona," alisema.

Akarudi mlangoni. Kwa mkono ule ule akamshika Agripina, glavu na yote, akamleta mpaka kwenye gari na kuuweka mkono wake ndani ya mkono wa Deo. Mama mmoja alilalamika kuhusu glavu. Agripina alikuwa analia na kucheka, na sisi wengine tulikuwa tunafanya hivyo hivyo, hata mimi ambaye si mtu wa machozi.

Walikwenda kanisani na gari la tope. Padri alikuja nje kuliangalia, akarudi ndani.

Baada ya wiki moja walikuja wote wawili Kihonda. Tope lilikuwa limekauka, limepasuka kama shamba la kiangazi. Wenzangu walitaka kulishambulia kwa presha, nikawazuia. Nililowesha, nikasubiri, nikalowesha tena, likajimenya. Nilipofika mlango wa abiria na ndoo, Agripina aliweka mkono wake mbele yangu.

"Hapa usimwage, mtani."

Nikamwambia tope linakula rangi likikaa. Nikamtazama Deo, mwenye gari, ambaye zamani angenililia kwa alama ya kidole cha mtoto. Deo akatazama pembeni, akasema, "Fuata anavyosema."

Basi nililiosha gari lote, nikalikausha, paa, vioo, vizingiti, na chini ya bawa. Tone halikubaki. Nikapita kuuzunguka mkono wa Mzee Valeriani kwa ncha ya kanga, kidole kwa kidole, nikauacha mchafu.